Tovuti ya Biashara Yako Itachukua Muda Gani? Hesabu Kutoka Mishomoroni

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, mteja wetu mmoja wa Mishomoroni alitupigia simu. Anashona madera na abaya, ana cherehani tatu na wasichana wawili wa kumsaidia, na oda zake nyingi huingia kwa WhatsApp. Swali lilikuwa moja tu: "Nikianza tovuti leo, itakuwa tayari Idi?" Kuna fundi alikuwa ameshamwambia siku tatu. Tunasimulia yaliyotokea kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la fundi, kwa sababu swali hili tunaulizwa karibu kila wiki.

Jibu fupi kwanza. Ukurasa mmoja wenye jina la biashara, picha kumi, bei, ramani na kitufe cha WhatsApp: siku mbili hadi nne, kama picha na maelezo yako tayari. Tovuti ya kurasa tano au sita, bila malipo ndani yake: wiki mbili hadi tatu. Duka kamili, ambapo mteja anachagua saizi, anaweka kwenye kapu, analipa kwa simu na kupata risiti: wiki sita hadi nane, na hapo hakuna aliyelala. Kwa hiyo yule fundi wa siku tatu hakuwa amedanganya. Yeye alikuwa anazungumzia ukurasa mmoja, na dada yetu anawaza duka.

Tukakaa naye tukapiga hesabu. Idi ilikuwa wiki sita mbele, lakini kwa mshonaji tarehe ya mwisho si Idi. Kumi la kwanza la Ramadhani likiisha hapokei tena vitambaa, la sivyo atashona mpaka usiku wa mwezi kuandama. Kwa hiyo wiki zilizobaki hazikuwa sita, zilikuwa tatu na ushei. Wewe pia anza na hesabu hiyo. Jiulize ni siku gani oda ya mwisho yenye faida inaingia, kisha rudi nyuma kutoka hapo.

Sasa, muda huenda wapi? Wengi hudhani unakwenda kwa fundi anayebonyeza kompyuta. Kwa tunavyoona, nusu ya muda humalizwa na mwenye biashara mwenyewe. Jina la tovuti, yaani domeni, hupatikana siku hiyo hiyo. Majina yanayoishia na .co.ke yanasimamiwa na KeNIC, na unanunua kupitia mawakala wake, unalipia kwa mwaka. Baada ya hapo mabadiliko yanaweza kuchukua siku moja au mbili kuenea kwenye intaneti, ndiyo maana tovuti huonekana kwenye simu ya jirani na kwako bado. Usigombane na mtu, subiri tu.

Kinachochelewesha ni picha. Dada yetu alikuwa na picha zaidi ya mia mbili kwenye simu, lakini nyingi zilikuwa zimekatwa kichwa, zingine zina jina la duka la mtu mwingine. Bei hazikuandikwa popote, zote zilikuwa kichwani, na zilibadilika kulingana na mteja ni nani. (Hapa tulicheka, maana sote tuna mtu wetu wa bei ya undugu.) Tovuti haijui undugu. Inataka bei moja, saizi zilizopimwa kwa sentimita, rangi zilizopo kweli, na gharama ya kupeleka mzigo Likoni, Changamwe au Nairobi. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa, na hakuna fundi ambaye angeweza kumfanyia.

Halafu kuna malipo, na hapa ndipo sisi tunaitwa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na Safaricom ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017 ili mafundi waunganishe tovuti na malipo kwa urahisi zaidi. Mteja akibonyeza "lipa", tovuti inatuma ombi, simu yake inaonyesha kiasi na kumwomba PIN, kisha jibu linarudi kwenye tovuti kwamba pesa imeingia au haikuingia. Kwa maneno ni rahisi. Kazi iko kwenye lile jibu linalorudi. Mtandao ukipotea katikati, pesa inaweza kuwa imekatwa na tovuti bado inasema "haijalipwa". Mteja anabonyeza tena, analipa mara mbili, na sasa una mtu mwenye hasira kwenye simu siku ya Ijumaa.

Ndiyo maana tunawashauri wateja watenge wiki moja nzima ya kujaribu malipo peke yake. Kwanza kwenye mazingira ya majaribio, ambapo hakuna pesa halisi, kisha kwa pesa ndogo ya kweli. Jaribu kuweka PIN isiyo sahihi. Jaribu simu isiyo na salio la kutosha. Futa ombi, au liache mpaka muda wake uishe bila kugusa kitu. Kila mara angalia tovuti inasema nini na taarifa ya akaunti yako inasema nini. Zikitofautiana, haiko tayari, hata kama fundi anakwambia "hiyo ni kitu kidogo".

Dada yetu hakusubiri. Presha ya msimu tunaielewa. Alimlipa fundi pesa zote mkononi, na kweli siku ya tatu ukurasa ukawa hewani, mzuri, na juu yake maandishi makubwa: lipa kwa till namba fulani. Till hiyo ilikuwa ya fundi. Aliiweka "kwa kujaribu" akasahau kuibadilisha, hivyo ndivyo alivyosema. Wateja watatu walilipa wikendi hiyo. Wa tatu, mama wa Kiembeni, ndiye aliyesoma ujumbe wa uthibitisho na kuuliza mbona jina lililotokea si la duka. Dada alipotaka ukurasa ushushwe, ikabainika domeni imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi, na nywila ni yake. Kwa siku mbili alikaa akiona watu wakifungua ukurasa wake mwenyewe, na hana la kufanya isipokuwa kupiga simu isiyoshikwa.

Kwa hiyo kabla hujauliza "siku ngapi", uliza domeni itasajiliwa kwa jina la nani. Iwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ndiye anayekusaidia kujaza. Namba ya till iandike wewe, kisha lipa shilingi kumi na usome jina linalotokea. PIN yako fundi haihitaji kwa kazi yoyote ile. Siku ya kuunganisha malipo kaeni pamoja meza moja, na nywila za akaunti yako ya biashara uziweke wewe mwenyewe. Malipo ya fundi yagawe: sehemu mwanzo, sehemu ukiona kurasa, na ya mwisho baada ya majaribio ya malipo kupita. Na kwa kuwa duka litakusanya majina, namba za simu na mahali wateja wanapoishi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama una cherehani tatu. Ukurasa unaoeleza unazitumiaje taarifa hizo ni kazi ya siku moja, usiurukie.

Msimu ule tulimshauri aachane na tovuti kwa muda. Alipanga picha thelathini kwenye katalogi ya WhatsApp Business, akaweka till yake mwenyewe, na hiyo ilimaliza siku moja na nusu. Oda za Idi aliziwahi. Duka lenyewe alianza upya na fundi mwingine baada ya sikukuu, na lilifunguliwa wiki ya saba, Mfungo Tatu ikiwa bado haijafika. Yule fundi wa kwanza alirudisha pesa za wateja wawili. Ya yule mama wa Kiembeni dada aliilipa mwenyewe, kwa dera lingine.