Betri ya Pili na Unene wa Shaba

Mwezi wa Juni, asubuhi za Kambove huwa na ubaridi wa kuuma vidole. Mama mmoja anayepeleka samaki wa barafu vijijini alikuwa amefungua boneti ya pikapu yake, anamtazama fundi. “Papa, batri yote mbili ni ya mupya. Juu ya nini friji inazimika usiku?” Fundi hakujibu. Aliwasha injini, akagusa vichwa vya betri ya mbele kwa mita yake: volti 14.2. Akazunguka hadi kwenye betri ya pili, iliyofungwa nyuma karibu na friji: volti 13.3. Kisha akaushika waya uliotoka betri moja kwenda nyingine, akaniita niushike na mimi. Ulikuwa vuguvugu.

Hizo volti 0.9 zilipotelea wapi?

Tuanzie ndani ya betri. Ina vyumba sita, na katika kila chumba mna sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi, zimezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza ya aina hii mwaka 1859, na mpaka leo kanuni ni ileile. Kila chumba hutoa volti 2.1 hivi, na sita kwa pamoja ni 12.6. Betri inapotumika, asidi huingia kwenye sahani na kuzifunika kwa salfeti ya risasi, huku maji ya betri yakizidi kuwa mepesi. Kuchaji ni kuirudisha asidi hiyo majini, nayo hairudi kwa hiari: lazima umeme usukumwe kinyume kwa nguvu inayoishinda betri yenyewe. Ndiyo maana altaneta hutoa volti 14 na ushee. Tazama basi nafasi iliyopo kati ya 12.6 na 14.2. Ni volti 1.6 tu. Ukipoteza 0.9 njiani, zaidi ya nusu ya msukumo imekwisha kabla ya kufika.

Njia yenyewe ni shaba, kitu ambacho watu wa huku wanakijua tangu zamani. Kabla ya Wabelgiji, watu wa kabila la Basanga waliyeyusha mawe ya malakiti wakamimina shaba kuwa misalaba iliyotumika kama pesa. Mkoa mzima uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Na kule Shituru, Likasi, madini huloweshwa katika asidi ya salfa, asidi ileile iliyomo ndani ya betri, kisha umeme huivuta shaba ikagandia kwenye mabamba ikiwa safi. Usafi huo una maana kubwa, kwa kuwa uchafu kidogo tu ndani ya shaba huuzuia umeme.

Hata shaba safi haipitishi umeme bure. Waya wa mita 1 wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.017 hivi. Urefu ukiongezeka maradufu, ukinzani nao huongezeka maradufu. Unene ukiongezeka maradufu, ukinzani hupungua kwa nusu. Mjerumani Georg Ohm alichapisha mwaka 1827 kanuni inayomalizia hesabu: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Waya wa yule mama ulikuwa na urefu wa mita 5 na unene wa milimita mraba 4. Ukinzani wake ni 0.017 mara 5, gawanya kwa 4, yaani omu 0.021. Ampea 40 zikipita humo, volti 0.85 zinabaki njiani. Kilichosalia kilipotea kwenye viungo vilivyoshika kutu. Na volti hizo ziligeuka joto, lile nililolisikia kiganjani.

Mtu atauliza: betri si inajaa tu, hata kama polepole? Ni kweli. Kadiri inavyojaa, mkondo hupungua, na upotevu hupungua pamoja nao. Lakini safari ya yule mama ni ya kwenda Likasi, kilomita 25 hivi, na friji yake hunywa ampea 4. Kwa saa 10 za usiku hizo ni ampea-saa 40. Muda wa barabarani haukutosha kuzirudisha, na kila usiku ulianza na deni la jana. Betri inayokaa na deni huharibika, maana salfeti ile huwa ngumu na haiyeyuki tena. Naona uchungu kila ninapomwona mtu ananunua betri ya tatu wakati ugonjwa uko kwenye waya.

Fundi alitoa waya ule akaweka wa milimita mraba 25. Kabla ya kuununua aliukwangua kwa kisu, kwa sababu sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Ndani zikiwa nyeupe, ziache. Waya wa hasi aliufunga kwenye chesisi, mahali alipopasugua hadi chuma kikang'aa.

Betri mbili zikiungwa moja kwa moja huwa kama madumu mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mpira chini: ukichota katika moja, yote yanashuka, na asubuhi stata haizunguki. Kwa hiyo kati yake aliweka rilei, swichi inayounganisha njia pale tu altaneta inapofanya kazi. Wengine hutumia diodi, lakini diodi ya kawaida hula volti 0.7, na tumeshaona volti hizo ni mali.

Fyuzi aliweka mbili, moja shibiri moja kutoka kila betri. Hapa sipendi mtu abane matumizi. Waya ukikwanguliwa na bodi ukagusa chuma, betri inaweza kumwaga zaidi ya ampea 1,000 kwa mara moja, na waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto. Umeme unakuja kutoka pande zote mbili, basi fyuzi ya upande mmoja inalinda nusu tu. Na mahali waya unapopenya bati, weka mpira. Betri ya nyuma nayo ipate hewa, kwa kuwa inapochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua.

Kesho yake nilipita tena. Kabla ya injini kuwashwa, betri ya mbele ilikuwa na volti 12.6, ya nyuma 12.2, na samaki walikuwa wagumu kama mawe. Mama akawasha gari. Rilei ikalia “taa” chini ya boneti, na mita ikasoma mbele 14.2, nyuma 14.0.