Gia boksi imebadilishwa, gari halisogei

Swali: Nilinunua gia boksi ya mtumba ya IST, Gerezani, Kariakoo. Fundi ameifunga, lakini nikiweka D au R injini inavuma tu. Tatizo nini?

Jibu: Pole sana. Usiendelee kukanyaga mafuta. Kwanza pima oili ya gia boksi: injini ipate moto, pitisha gia zote, rudi P, ndipo uvute stiki injini ikiunguruma. Konveta (kifaa kinachounganisha injini na gia boksi) ikiwa tupu hunywa oili nyingi, na mafundi wengi husahau kuongeza. Oili ikitosha, kagua kebo ya gia. Hofu yangu kubwa ni konveta: isipozama hadi mwisho kabla ya kukaza bolti, huvunja pampu ya oili ya gia boksi. Gia boksi ishushwe, uwepo ukiangalia. Pampu ikikutwa imevunjika hivyo, kosa ni la ufungaji, si la muuzaji.