SOMO: Kula Jasho Lako Ukiwa Safarini



Matendo ya Mitume 18:1-3 yanatuonyesha Mtume Paulo akiwa Korintho, akishona mahema pamoja na Akila na mkewe. Alikuwa msafiri, lakini alikula jasho la mikono yake.

Huku Nkoma, wilayani Itilima, wapo ndugu zetu wanaoishi hivyo: leo mnada huu, kesho ule, kwa baiskeli au lori, wakiuza mitumba, vyombo na dagaa. Fedha huonekana wakati wa kuuza pamba, kuanzia Mei. Ukifika msimu wa kulima, wateja hupungua.

Wengi hufilisika si kwa kukosa wateja, bali kwa kula mtaji njiani. Tuchukue mfano. Bidhaa za Sh. 100,000 zimeuzwa Sh. 130,000. Nauli ni Sh. 8,000, ushuru 2,000, chakula 5,000. Faida ni Sh. 15,000, siyo 30,000. Asiyeandika atatumia zote 30,000, na safari ijayo mtaji umepungua.

Tufanye nini?
1. Kila mchuuzi awe na daftari, na atenge fedha za mtaji na za matumizi.
2. Aweke akiba wakati wa pamba kwa ajili ya miezi ya kilimo.
3. Kikundi cha akiba na mikopo kikutane siku isiyo na mnada. Tukikutana siku ya mnada, tunamfungia mlango huyo huyo tunayetaka kumsaidia.

Swali la kujadili: Kikundi cha parokia yetu hukutana siku gani, na ni nani hukosekana?