ULIMI UNAUA!

Kijana mwenzangu wa Temeke, wasema umbea wa kijiweni ni kupitisha muda tu? Sikiliza! Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wa kilimo kutoka Selian, Arusha, walizushiwa kuwa ni wanyonya damu. Neno likaenea mdomo kwa mdomo, watu wakajaa. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa. Hawakuwa na kosa lolote!

Soma Yakobo 3:5-10. Ulimi ni moto.

Leo ukiletewa habari ya jirani, jiulize: Ni kweli? Itamjenga? Kama sivyo, ifie kwako. Ulishamsema mtu vibaya? Mwendee, myamalize. Kisha mwombe Yesu akusafishe moyo, maana maneno hutokea huko.