Jembe Gumu ao Jembe Laini? Namna ya Kupima Chuma Mbele ya Kununua



Msimu A unakaribia. Mwezi wa tisa mvua inarudi, na kooperative nyingi za Nyiragongo, Masisi na Rutshuru ziko zinahesabu makuta ya kununua majembe na mapanga kwa pamoja. Ni jambo zuri, kwani anayenunua mia anapata bei kuliko anayenunua moja. Lakini hatari pia inakuwa kubwa. Mtu akinunua jembe baya, amepoteza jembe moja. Kooperative ikinunua majembe 200 mabaya, nyumba 200 zitalima msimu muzima na chuma kinachokunjika kama bati, na sanduku la kooperative limebaki wazi.

Somo hili linaonyesha namna ya kupima ugumu wa chuma: mashine gani ziko duniani, zipi zinafaa kwa jembe, na namna gani kikundi kinaweza kupima chenyewe na vifaa vinavyopatikana Goma.

1. UGUMU NI NINI?

Ugumu ni nguvu ya chuma ya kukataa kukwaruzwa na kubonyezwa. Sio uzito: jembe zito linaweza kuwa laini. Sio rangi: rangi nyekundu ao nyeusi inapakwa juu ya chuma kizuri na kibaya pia. Sumaku nayo haipimi ugumu, kwani inashika chuma laini na chuma kigumu sawasawa. Watu wengine wanagonga jembe na kusikiliza sauti. Hiyo inasaidia kujua kama kuna ufa, lakini haisemi kama makali yatadumu.

Chuma laini mno kinakunja makali na kinaisha haraka. Chuma kigumu mno kinakatika kama kioo siku kinapokutana na jiwe. Jembe zuri liko katikati: gumu kwenye makali, na bado linavumilia kupigwa.

Kwetu jambo hili lina uzito. Nyiragongo ilitapika tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, na mashamba mengi ya upande wa Kibati, Kibumba na Rugari yako juu ya lava ya zamani. Madini mengi ndani ya mawe hayo ni magumu sawa na chuma cha jembe, ao kupita. Kwa hiyo hakuna jembe ambalo lava haitalila. Tunachotafuta ni jembe linaloliwa polepole bila kuvunjika. Mwenye shamba la mawe aogope zaidi jembe linalokatika; mwenye udongo wa kina, bila mawe, anaweza kukubali makali magumu kidogo zaidi.

2. MASHINE ZA MAABARA

Ni vizuri kuzijua, kwani mchuruzi anaweza kuwaonyesha karatasi yenye namba zake.

Brinell. Ilitoka kwa Johan August Brinell wa Sweden, mwaka 1900. Gololi ngumu inasukumwa ndani ya chuma kwa uzito mkubwa, kisha alama inapimwa. Mtindo wake wa kawaida una gololi ya milimita 10 na uzito wa kilo 3000. Inafaa vipande vinene. Kwa jembe jembamba, alama hiyo ni kubwa mno.

Rockwell. Hugh na Stanley Rockwell wa Marekani walipata hati ya ubunifu wao mwaka 1919. Mashine inasoma yenyewe kina cha alama, kwa hiyo ni ya haraka. Iko na vipimo vingi. Kipimo C kinatumia ncha ya almasi na uzito wa kilo 150, na ni cha chuma kilichokomazwa kwa moto. Kipimo B kinatumia gololi ndogo na uzito wa kilo 100, na ni cha chuma laini. Basi mtu akikuambia “jembe yangu iko na 80,” muulize: 80 ya B ao ya C? 80 ya B ni chuma laini cha kutengeneza madirisha. Kwa majembe na mapanga, Rockwell C ndiyo inayofaa, na kazi nzuri kawaida iko kati ya 40 na 50.

Vickers. Inatumia ncha ndogo ya almasi na alama inasomwa kwa darubini. Ni nzuri kwa vipande vyembamba, lakini chuma lazima kisuguliwe kama kioo, na inataka maabara ya kweli.

Leeb. Ni kifaa kidogo cha mkononi: kinarusha kidude juu ya chuma na kupima namna kinavyoruka kurudi. Kinaonekana kizuri, kinaingia mfukoni, namba inatokea mara moja. Lakini kimetengenezwa kwa vyuma vizito na vinene. Juu ya jembe jembamba, chuma kinatetemeka na namba inadanganya. Kooperative isitoe makuta yake hapo.

Kwa kifupi: kooperative haihitaji kununua mashine. Kama mnanunua mzigo mkubwa, andikeni ndani ya mkataba: “Ugumu wa makali uwe kati ya 40 na 50 Rockwell C,” na mwombe karatasi ya kipimo. Ulizeni pia kwenye shule za ufundi za Goma, kama ITIG ao ISTA, kama kuna mashine na mtu wa kuitumia. Karatasi peke yake haitoshi, kwani inaweza kuwa ya majembe mengine. Kwa hiyo tupime pia sisi wenyewe.

3. VIFAA VYA KIKUNDI

Tafuteni hivi:

- Tupa mbili mpya (mafundi wanaita lime). Tupa nzuri ni ngumu karibu 60 hadi 65 Rockwell C. Tupa iliyochoka haipimi kitu.
- Kipande cha lame ya resori ya gari. Lame kawaida iko karibu na 40 hadi 48 Rockwell C. Huyu ndiye shahidi wetu mgumu.
- Kipande cha korniere ya madirisha. Huyu ni shahidi wetu laini.
- Gololi za baiskeli, za milimita 5 hivi.
- Jiliwa imara (etau) ya fundi. Hakuna haja ya kununua. Lipeni fundi nusu siku.
- Rula yenye milimita, kioo cha kukuza, na miwani ya kulinda macho.

Mashahidi wawili ndio siri ya kazi. Mkono wa mtu haujui namba, lakini unajua kulinganisha.

4. KIPIMO CHA TUPA

Kwanza, ondoeni rangi kwenye jembe, sentimita 1 ao 2 juu ya makali. Msipime kwenye tundu la mpini, kwani pale chuma kinaweza kuwa laini bila kosa. Piteni tupa mara kadhaa mpaka chuma safi kionekane, kwani ngozi ya juu, iliyochomwa na moto wa kiwanda, inaweza kuwa laini kuliko ndani.

Kisha piteni na ukingo wa tupa, nguvu ileile ya mkono, juu ya korniere, juu ya lame, na juu ya jembe.

- Tupa inakula jembe kama korniere: jembe ni laini mno. Mlikatae.
- Tupa inauma kwa shida, kama kwenye lame: ni vizuri.
- Tupa inateleza bila kuuma: jembe ni gumu mno, litakatika.

Mtu mmoja apime yote, mwingine aandike. Watu wawili wana mikono miwili tofauti.

5. KIPIMO CHA GOLOLI

Hiki ni kipimo cha Brinell katika nguo za kijijini. Wekeni gololi moja katikati ya lame na jembe, sehemu safi ya vyuma vyote viwili ikiangalia gololi. Nyuma ya jembe wekeni bamba nene ili lisipinde. Fungeni vyote ndani ya jiliwa na mkaze kwa nguvu. Kila mtu aliye karibu avae miwani ao asimame mbali, kwani gololi inaweza kuruka. Msipige na nyundo.

Sasa fikirini: jiliwa inasukuma pande zote mbili kwa nguvu moja. Lame imepata nguvu ileile jembe limepata. Kwa hiyo alama mbili zinaweza kulinganishwa bila kujua ni kilo ngapi zimetumika. Fungueni, pimeni upana wa kila alama chini ya kioo cha kukuza.

- Alama zikilingana, jembe lina ugumu wa lame. Ni vizuri.
- Alama ya jembe ikiwa pana kidogo, bado linaweza kufaa.
- Alama ya jembe ikiwa pana mara moja na nusu hivi, jembe halifikii hata nusu ya ugumu wa lame. Mfano: lame milimita 1.5, jembe milimita 2.1. Hapo 2.1 kugawa kwa 1.5 ni 1.4, na 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Tayari jembe hilo lina nusu tu ya ugumu. Mlikatae.

Rudilieni mara tatu, pahali tofauti. Gololi ikibonyea, mtupe, mtumie mpya.

6. KIPIMO CHA KUVUMILIA

Ugumu peke yake hautoshi. Chukueni jembe moja lenye mpini, lipigeni mara 20 kwenye udongo wenye mawe kama ule wa shamba lenu. Makali yakikunja, chuma ni laini. Yakimeguka, ni gumu mno. Panga lifungwe kwenye jiliwa na kupindwa kidogo pembeni: linapaswa kurudi lenyewe. Likibaki limepinda ni laini. Likikatika, bora limekatika hapo kuliko mkononi mwa mama shambani.

7. NANI ACHAGUE MAJEMBE YA KUPIMA?

Sio mchuruzi. Atawapa yale mazuri ya juu. Kwa mzigo wa majembe 200, kikundi kichukue 8 kutoka mafungu mbalimbali, ya juu, ya katikati na ya chini. Tunapendekeza kanuni hii: yote 8 yakipita, mpokee mzigo. Moja likianguka, mchukue 8 mengine. Hapo hata moja likianguka, mzigo urudi. Yakianguka mawili mara ya kwanza, mzigo urudi palepale. Kanuni hii iandikwe kwenye mkataba mbele ya kulipa, na sehemu ya malipo ingoje kipimo. Baada ya makuta yote kutoka, maneno hayana nguvu tena.

8. HESABU YA BEI

Wazee walisema rahisi ni ghali. Tufanye mfano tu. Jembe la kwanza linauzwa dola 4 na linadumu msimu mmoja. La pili ni dola 6 na linadumu misimu mitatu. Kwa wamemba 100, katika misimu mitatu, majembe ya kwanza yatakula dola 1,200. Ya pili yatakula dola 600. Ile nusu iliyobaki ni mbegu ya maharagi.

9. TUSISAHAU WAHUNZI WETU

Mhunzi anayefua jembe kutoka lame ya gari anaanza na chuma kizuri. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha, kwa hiyo kinakubali kukomazwa: kinatiwa moto mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kinazamishwa, kisha kinapashwa tena polepole ili kipunguze ukali. Akiacha hatua ya mwisho, jembe litateleza chini ya tupa na litakatika shambani. Kosa hilo linarekebishwa: jembe lipashwe tena mpaka rangi ya buluu itokee juu ya chuma kilichosuguliwa, karibu digrii 300.

Lakini korniere haina kaboni ya kutosha. Hata ukiizamisha mara kumi, haitakuwa jembe la kudumu. Kwa hiyo, mkitoa kazi kwa mhunzi, mwulize kwanza chuma kimetoka wapi, na mpime kazi yake kwa kanuni ileile ya mchuruzi. Mhunzi mzuri hataogopa tupa, na atafurahi kuona kazi yake inatofautishwa na ile ya bei ya chini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Majembe tuliyonunua msimu uliopita yalikunja ao yalikatika? Yalitoka wapi?
2. Mashamba yetu yana mawe mengi ao udongo wa kina? Tunahitaji chuma cha namna gani?
3. Nani kati yetu atashika tupa, na nani ataandika?
4. Mashahidi wetu wawili, lame na korniere, watachungwa kwa nani?
5. Mkataba wetu unasema nini mzigo ukianguka katika kipimo?

Mbele ya mkutano unaokuja, kila memba alete jembe lake la zamani. Pimeni yote kwa tupa siku hiyo, muyapange kutoka laini mpaka gumu, na kila mmoja aseme lake limedumu misimu mingapi. Mkiweka majibu hayo pembeni ya majembe, mtaona wenyewe ni ugumu gani unaofaa udongo wenu.