Kilaptopu cha bei poa: soma haya kabla hujateremka Kariakoo

Kila vyuo vikikaribia kufunguliwa, majirani zangu hapa Goba huja na swali lilelile. Mtoto amepata chuo, kuna kilaptopu kidogo cha inchi 11, chepesi, betri inakaa. Tuchukue? Mara nyingi najibu: prosesa yake ndogo haina kosa, ila tuangalie kwanza imefungwa pamoja na nini.

1. Wati chache ni faida ya kweli. Prosesa nyingi za Intel zenye herufi N, kama N4020 na N100, zimeundwa kwa wati 6. Zile zenye U za laptopu nyingi za ofisini ni wati 15. Joto likipungua, vilaptopu vingi havihitaji feni, na bila feni vumbi la barabara zetu za ndani halivutwi kwenye mashine. Betri ya wati-saa 38, mashine nzima ikila wati 8 kwa kazi nyepesi, inakaribia saa tano. Umeme ukikatika saa moja jioni, mtoto anaandika hadi karibu saa sita usiku.

2. Usiishie kwenye jina la prosesa, liwe Celeron au Intel tu. Soma na namba. N3350 ya 2016 na N4020 ya 2019 zina viini viwili tu. N100 ya 2023 ina vinne, na kasi yake inafika GHz 3.4. Kwa Word, Excel, Zoom na YouTube, N100 inatosha kabisa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe mashine usome namba.

3. Kinachotesa watu ni RAM na diski. Hapa ndipo pesa za wazazi zinapopotea. HP Stream 11 ilipotoka 2014 ilikuwa na RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi. Windows peke yake ilikula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo. Masasisho makubwa yakija, nafasi inakwisha, na fundi hana cha kuongeza. Leo Windows 11 yenyewe inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na hicho ni kiwango cha kuwaka tu, siyo cha kusomea. Mimi nasema GB 8 na SSD ya GB 256, basi. Ukiwa dukani fungua kurasa kumi za Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame asilimia ya memori. Ikiwa imeshapita 85, uliza kama RAM inaongezeka. Kama imechomelewa, irudishe kabatini.

4. Angalia Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. N4020 na N100 zinakubalika rasmi kwa Windows 11, N3350 haikubaliki. Kwa Core i5, tafuta kizazi cha nane kwenda juu: i5-8250U imo, i5-6300U haimo.

5. Linganisha na mtumba wa ofisini. Laptopu iliyotumika yenye i5-8250U ina viini vinne, na inaiacha mbali N4020 iliyo mpya kwenye boksi. Kama RAM na diski yake zinabadilishika, mimi ningechukua hiyo. Udhaifu wake ni betri iliyochoka. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha kwenye ripoti itakayotoka linganisha ujazo wa kiwandani na wa sasa; ikibaki nusu, ingiza bei ya betri kwenye mazungumzo. Vile vilaptopu vilivyotoka shule za ng'ambo navyo virudishwe hali ya kiwandani (reset) mbele yako, vikiwa na intaneti. Vikidai akaunti ya shule, achana navyo.

6. Kuna ambao kilaptopu hiki hakiwafai. Anayesoma usanifu majengo na atatumia AutoCAD au Revit, au anayehariri video, asinunue prosesa ya N hata kwa nusu bei. Bora asubiri bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, limjazie.

7. Mashine isiondoke kaunta bila risiti ya EFD. Namba ya mashine iandikwe, chaja ijaribiwe tundu lake lisilegee, kamera na vitufe vyote vipitiwe kimoja kimoja. Kurudi Kariakoo kutoka Goba kwa sababu ya kitufe kimoja kunakula siku nzima.