Maswali na Majibu: Mafundisho Potofu Kanisani
(Marudio kwa darasa la wainjilisti, Mpanda)

Swali la 1: Apolo anatofautianaje na mbwa mwitu wa Matendo 20?

Jibu: Apolo (Matendo 18) alihubiri kwa moto, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila hawakumwaibisha sinagogini. Walimchukua pembeni wakamweleza. Mbwa mwitu wa Matendo 20 wanavuta waumini wawafuate wao, na Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba wengine watatoka miongoni mwao wenyewe. Wengi hupoteza alama kwa kumwita kila aliyekosea mbwa mwitu. Msome kwanza mtu, ndipo umjibu.

Swali la 2: Malipo ya tumbaku yametoka, na mhubiri mgeni amefunga turubai Katumba. Anauza mafuta ya upako na kuhimiza watu "wapande mbegu". Mkristo afanyeje?

Jibu: Asikilize kwanza, kisha apime kwa Maandiko kama watu wa Beroya (Matendo 17). Yakobo 5 ina mafuta, ina wazee, ina maombi, bei haimo. Elisha alikataa zawadi za Naamani, aliyezikimbilia ni Gehazi, akaishia na ukoma (2 Wafalme 5). Kisha amwendee mhubiri pamoja na mzee wa kanisa, amuulize: aliyetoa fedha na hakupona, unamwambia nini? Akijibu "imani yake ndogo", hapo fundisho limejikinga lisiweze kukosolewa kamwe, na mgonjwa ameongezewa mzigo. Sasa waumini waonywe waziwazi. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Pia jiulize nani kutoka kanisani alikwenda kumwona mgonjwa huyo kabla turubai halijafungwa. Mara nyingi hakuna.

Swali la 3: Mzee wa kanisa amechangia fedha kijiji kiwalete lambalamba, waganga wanaodai kufichua wachawi. Je, hili nalo ni fundisho potofu?

Jibu: Ndiyo, ingawa halikutoka mimbarini. Si jipya huku kwetu: miaka ya 1960 wasaka wachawi walioitwa Kamchape walizunguka Ufipa wakidai kusafisha vijiji. Anayetajwa kuwa mchawi aghalabu ni kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Mzee aonywe faragha, kama Mathayo 18 inavyoagiza, lakini bibi asisubiri hatua zote hizo. Siku hiyohiyo mwenyekiti wa kijiji na polisi waambiwe, kwani kumtangaza mtu mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi ya 1928, na wakristo wawepo nyumbani kwake.

Swali la 4: Kunyamaza kuna hatari gani? Toa mfano.

Jibu: Shakahola, Kilifi, Kenya. Mhubiri Paul Mackenzie aliwahi kukamatwa mwaka 2017 kwa kufundisha watoto wasiende shule. Baadaye alihamia msituni na wafuasi, na mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, wengi wakiwa wamefunga kula ili wamwone Yesu. Fundisho linalokataza shule au hospitali lisisubiri kikao cha robo mwaka.

Swali la 5: Waraka upi mfupi unahimiza kuishindania imani na hapohapo kuwahurumia wenye shaka?

Jibu: Yuda, aya ya 3 na ya 22. Ukiandika Yuda Iskariote, sifuri.